Herufi nne, sauti saba: mwongozo kamili wa maneno ya Kiingereza yenye ough

Chukua karatasi uandike maneno haya saba, moja chini ya jingine: though, through, rough, cough, plough, bought, thorough. Yasome kwa sauti bila kuchungulia kamusi. Herufi o-u-g-h zimo katika yote, zimepangana vilevile, na hakuna hata maneno mawili kati ya hayo ambayo sehemu hiyo inatamkwa sawa. Kwa mtu aliyelelewa na tahajia ya Kiswahili, ambayo "ba" ni "ba" asubuhi na jioni, hii ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nimekuwa nikifundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima, na nimeona wanafunzi wakikariri orodha ndefu leo na kuisahau Ijumaa. Njia iliyonifaa ni nyingine kabisa. Baadhi ya maneno ya ukoo huu yaliingia Kiswahili zamani kwa njia ya masikio, si ya vitabu, na babu zetu wakayaandika walivyoyasikia. Kwa hiyo matamshi unayoyatafuta umeyabeba mdomoni tangu utotoni. Kazi iliyobaki ni kuyaunganisha na maandishi.

Hatua ya kwanza: anza na maneno unayoyajua

Mpira. Beki akimkwatua mshambuliaji, tunasema amecheza rafu. Neno hilo ni rough. Tulilisikia "raf", tukalivalisha u mwishoni kama ilivyo desturi yetu, likawa letu. Basi kila ukiona rough, kumbuka rafu halafu ikate ile u. Wenzake ni tough, "taf", yaani gumu, na enough, "inaf", yaani ya kutosha. Maneno hayo matatu ndiyo utakayokutana nayo kila siku katika kundi hili.

Shamba. Jembe la kukokotwa na ng'ombe tunaliita plau, na Mwingereza analiandika plough. Hapo gh haisikiki kabisa. Mwisho ni "au" safi. Fuatana na plau upate bough, "bau", tawi kubwa la mti, na drought, "draut", ukame. Hili la mwisho litazame mara mbili, maana wengi hulisoma "drot" au "draft". Wakulima wanaosoma taarifa za hali ya hewa kwa Kiingereza hukutana nalo kila msimu. Plau na ukame ni mambo ya shamba moja, basi na yakae kichwani pamoja.

Mgahawa. Donati ni doughnut, na dough ni unga uliokandwa. Sauti ni "do", o inayoishia na kivuli chembamba cha u. Wanaofuata ni though na although, yaani ingawa, na furlough, "falo", neno ambalo Waingereza wengi walilizoea mwaka 2020 pale serikali yao ilipolipa sehemu ya mishahara ya wafanyakazi waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya korona.

Kuna na la nne ambalo si la ukoo huu hasa ila ni binamu yake: drafti, mchezo wa vizibo vya soda chini ya mwembe. Kwa Kiingereza cha Uingereza mchezo huo ni draughts, wenye a badala ya o, na gh yake ni f kama tunavyoitamka sisi. Ukishajua kwamba draught ni drafti, hutalichanganya tena na drought ya ukame.

Hatua ya pili: jaza funguo zilizobaki

Tumepata sauti tatu kati ya saba. Nne zilizobaki hazina neno la mkopo lenye ough, lakini zina jirani. Nimetafuta maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiingereza, au yanayofanana nacho kwa bahati tu, yenye irabu ileile.

Cough, kukohoa, inakwenda na ofisi. Sema "of" ya mwanzo wa ofisi, tanguliza k: "kof". Mwenzake ni trough, "trof", hori la kulishia mifugo. Ni mawili tu ya kukumbuka, basi usijisumbue zaidi.

Through inakwenda na buluu: "thruu", u ndefu. Ndani yake kuna throughout na breakthrough. Hakuna neno jingine la kawaida linalotamkwa hivi, kwa hiyo through ni mtoto wa pekee.

Bought inakwenda na bodi, ile bodi ya wakurugenzi, si na boti ya baharini. Tofauti hii ni muhimu. Boti ni boat, na o yake ni ya donati. Bodi ni board, na o yake ni ndefu, iliyo wazi, midomo ikiwa imeviringwa. Mtu akisema "I bought it" kwa o ya boti, msikilizaji anaweza kujiuliza boti imetoka wapi.

Thorough inakwenda na bara. Hii ndiyo funguo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu borough, yaani eneo la utawala kama zile 32 za London, Mwingereza anaitamka karibu kabisa na tunavyosema "bara", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. Weka th mahali pa b upate "thara", yaani kwa kina, bila kuacha kitu. Mmarekani yeye atasema "tharo", na hakosei; ni kwao.

Andika basi kadi saba, kila moja na neno lake la Kiswahili juu: RAFU, PLAU, DONATI, OFISI, BULUU, BODI, BARA. Kila neno jipya lenye ough utakalolikuta gazetini au kwenye barua ya kazi, liandike chini ya kadi yake. Usipange kwa alfabeti. Alfabeti ndiyo iliyokuchanganya tangu mwanzo.

Kwa nini walifanya hivi?

Unaweza kuruka sehemu hii ukaenda kwenye mazoezi, ila nakushauri usiruke. Mwanafunzi anayejua sababu hukasirika kidogo na hukumbuka zaidi.

Sema Khamis. Sema sheikh. Sema masalkheri, kama mtu wa pwani anavyosema, ile kh ikikwaruza nyuma ya koo. Sauti hiyo, au ndugu yake wa karibu sana, ndiyo iliyokuwa katika maneno haya yote. Katika Kiingereza cha kale, rough iliandikwa ruh, na daughter, yaani binti, ilikuwa dohtor. H hiyo ilitamkwa kama kh yetu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliosoma kwa desturi za Kifaransa walianza kubadili maandishi, na pole pole sauti hiyo ikawa inaandikwa gh. Kwa wakati ule hawakuwa wanamdanganya mtu. Gh ilikuwa inasikika.

Mwaka 1476 William Caxton alifungua mtambo wa kuchapa vitabu Westminster, na uchapaji ukaanza kuyagandisha maandishi. Midomo ya watu haikuganda. Kati ya karne ya 15 na ya 17 ile kh ilidhoofika. Katika lahaja fulani ikapotea kabisa, kama katika plough na dough. Katika nyingine midomo iliyokuwa imeviringwa kwa u ikafungana kidogo, na kh ikageuka f: rough, tough, cough. London ilijaa watu wa kila jimbo, kila mtu na lahaja yake, na Kiingereza rasmi kikachukua neno hili kwa hawa na neno lile kwa wale. Ushahidi mzuri ni dough yenyewe. Kaskazini mwa Uingereza iliwahi kutamkwa kwa f, na matamshi hayo bado yapo katika duff, jina la kitinda mlo cha kuchemsha. Unga ule ule, majina mawili.

Wakati huohuo irabu nazo zilihama, katika yale mabadiliko makubwa yaliyoanza karibu mwaka 1400 na kuendelea kwa karne tatu hivi. Ndiyo maana ou moja inaweza kuwa a, o, u au au.

Waskoti bado wanayo sauti ya kale katika loch, ziwa. Waairishi wanaandika lough, na huko Lough Neagh, ziwa kubwa kuliko yote katika visiwa vile, wenyeji wengi bado huitamka kwa kh. Wajerumani nao wanayo: binti kwao ni Tochter, na kupitia ni durch, ndugu wa through. Kwa hiyo mtu wa Mombasa au Unguja akiisoma gh ya Kiingereza kwa koo, hajakosea kwa ujinga. Amechelewa kwa miaka 500 hivi.

Tahadhari moja: haya ni ya gh iliyo katikati au mwishoni mwa neno. Gh ya mwanzo, kama katika ghost, ni g tu, na h yake inahusishwa na tahajia ya Kiflemi. Caxton mwenyewe alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo wanakozungumza Kiflemi. Gh ya mwanzo wa neno haiwi f kamwe.

Hatua ya tatu: tazama kama kuna t nyuma

Hii ndiyo kanuni moja katika ukoo huu inayokaribia kuwa kanuni kweli. Ough ikifuatwa na t, soma "oot" ya bodi, wala usithubutu kuweka f: ought, nought, bought, brought, fought, sought, thought, wrought. Jambo linalovunja kanuni ni drought, ambalo tumeshalifunga kamba kwenye plau, pamoja na doughty, "dauti", neno la kale lenye maana ya shupavu ambalo huenda usilikute mwaka mzima.

Ukiyatazama vizuri utaona mengi ni vitenzi vya wakati uliopita. Buy inakuwa bought, bring inakuwa brought, think inakuwa thought, seek inakuwa sought, fight inakuwa fought. Hata wrought, inayosikika leo zaidi katika wrought iron, chuma cha kufua, ni wakati uliopita wa zamani wa work.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia, na nitakaa kidogo. Kijana mmoja wa darasani kwangu alimwandikia mteja: "I brought the phone yesterday." Alitaka kusema ameinunua. Mteja akaelewa kwamba ameileta, akaja dukani kuifuata, ugomvi ukaanza. Dawa ni r. Bring ina r, basi brought ina r. Buy haina r, basi bought haina. Kila mara kabla ya kuandika, rudi kwenye kitenzi cha mwanzo uangalie kama r ipo. Inachukua nusu sekunde.

Swali la pili linalokuja kila mara: caught na taught je, mbona zina a? Zinatamkwa sawa kabisa na kundi hili, kwa hiyo sikio halikusaidii. Rudi tena kwenye kitenzi cha mwanzo. Catch ina a, teach ina a. Ndiyo maana ni caught na taught. Buy, bring, think, seek na fight hazina a popote, nazo zinachukua o. Wanaisimu hawatakupa hii kama sababu ya kihistoria, ila inafanya kazi kwa vitenzi vyote saba na sijapata njia nyepesi kuliko hiyo. Na ujue mapema: tought si neno. Ukijikuta umeliandika, ulitaka taught, thought au tough, na sentensi itakuambia ni lipi.

Hatua ya nne: tenga th mbili

Kiingereza kinaandika th kwa sauti mbili tofauti na hakikuambii ni ipi. Kiswahili kinakuambia: kuna dh ya dhahabu na th ya thamani. Tumia utajiri huo. Though na although ni za dhahabu: "dho", "oldho". Thought, through na thorough ni za thamani: "thoot", "thruu", "thara". Ukitamka though kwa s au z, kama wengi wetu tunavyofanya tukiwa na haraka, kinatokea kitu kama so, na sentensi nzima inageuka maana.

Through na thorough, kwa njia, zilikuwa neno moja. Thorough ni umbo lililovutwa la through, likapata silabi ya ziada na maana yake yenyewe: kitu kilichofanywa kupita mwanzo hadi mwisho. Ukisahau ipi ni ipi, hesabu silabi. Yenye kazi ndefu ina silabi mbili.

Hatua ya tano: andika kwa ngazi

Makosa mengi ya kuandika hutokana na jicho kuona rundo la herufi. Livunje. Funika o-u-g-h kwa kidole uone kinachobaki: t peke yake ni tough, th ni though, th mbele na t nyuma ni thought, thr ni through, thor ni thorough. Andika maneno hayo matano kwa ngazi kila asubuhi kwa wiki moja, ukiandika ough kwa wino wa rangi nyingine. Mkono utaanza kuichukulia kama herufi moja, na makosa kama thougth na throught yatapungua yenyewe.

Utakutana na thru, tho, donut na plow. Si makosa ya wajinga. Noah Webster aliingiza tahajia nyepesi katika kamusi yake ya Kimarekani ya 1828. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru wachapaji wa serikali watumie maneno 300 yaliyorahisishwa, thru na tho yakiwemo, Bunge likakataa naye akarudi nyuma. Gazeti la Chicago Tribune liliendelea na mradi wake kama huo kuanzia 1934 hadi 1975. Plow imebaki kuwa tahajia ya kawaida Marekani, na donut imeenea. Thru imeishia kwenye vibao vya barabarani na vya migahawa. Kwetu Tanzania na Kenya shuleni tunafuata tahajia ya Uingereza, basi kwenye mtihani na barua ya maombi ya kazi andika zote kwa urefu wake.

Hiccough nayo ni mtego: ni kwikwi, na inatamkwa "hikap" sawasawa na hiccup. Mtu fulani zamani alidhani kwikwi ni aina ya kikohozi, akaipachika cough. Andika hiccup, uishi kwa amani.

Hatua ya sita: jaribu masikio yako

Fungua kamusi ya Cambridge ya mtandaoni. Kila neno lina vitufe viwili vya sauti, cha Uingereza na cha Marekani. Sikiliza cha Uingereza kwanza mpaka kadi saba zikae, ndipo uguse cha pili. Wamarekani wengi hutamka bought na thought kwa sauti inayokaribia "baat" na "thaat", na ukianza na zote mbili kwa pamoja utachanganyikiwa bure.

Ukitaka kuona ukoo wote, nenda OneLook, tovuti ya kutafutia maneno, uandike *ough*, nyota pande zote mbili. Itakuletea kila neno lenye herufi hizo, pamoja na majina ya miji. Miji ina ukorofi wake: Slough, magharibi mwa London, ni "Slau", na Loughborough, yenye ough mbili, ni "Lafbara", rafu na bara katika neno moja.

Kipimo kingine ni simu. Washa kuandika kwa sauti, weka lugha ya Kiingereza, usome sentensi nzima, si neno mojamoja. Ikiandika dough ulipotaka though, dh yako bado. Ikiandika boat ulipotaka bought, rudi kwenye bodi. Na ukimaliza neno lenye f, funga mdomo hapo hapo. Ile u ya rafu iache uwanjani.

Mwisho, jirekodi ukisoma sentensi hii, halafu uisikilize kesho yake:

Although the drought was rough, the ploughman bought enough dough, coughed twice and thought it through thoroughly.

Kwa masikio ya Kiswahili inakwenda hivi: oldho dhe draut woz raf, dhe plauman boot inaf do, koft twais end thoot it thruu tharali. Pengine utajikwaa kwenye zile th tatu za mwisho zilizopangana. Punguza mwendo hapo, ulimi uchungulie kati ya meno kila mara. Ikitoka mara tatu mfululizo bila kukwama, rudia sentensi, na baada ya coughed twice mpe mkulima wetu kwikwi.